Kilomita 1,075 kwa Saa Kumi na Sita: Kisa cha Walii Aliyechelewa Nikahi

Kisa hiki kilitokea katika ofisi yetu ndogo ya kukata tiketi mjini Kampala. Majina, mtaa, mwezi na mashirika ya ndege yote nimeyaondoa, na nyakati nimezisogeza kidogo bila kubadilisha mpangilio wake. Mteja nitamwita Mzee, na mpwa wake nitamwita Kijana. Mzee ameridhia kisimuliwe kwa sharti moja, kwamba tuseme wazi kosa lilikuwa la nani. Lilikuwa letu, kwa sehemu kubwa.

Muktadha

Mzee ni mfanyabiashara wa Kampala mwenye umri wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa familia ya Waswahili waliotawanyika kati ya Uganda, Kenya na pwani ya Tanzania. Mdogo wake aliishi Dar es Salaam na alifariki miaka kadhaa iliyopita. Binti wa marehemu alikuwa anaolewa Jumamosi. Hana babu aliye hai wala kaka aliyebaleghe, kwa hiyo walii wake, mwenye haki ya kumuozesha, ni baba mkubwa, yaani Mzee. Nikahi ilipangwa baada ya swala ya alasiri, saa kumi na robo jioni.

Saa hiyo haikupangwa hivihivi. Wiki tatu kabla, Mzee alitupigia simu kuuliza Dar ni mbali kiasi gani kwa ndege. Aliyepokea simu alijibu, "Mzee wangu, Dar ni saa mbili tu." Jibu lile lilisafiri hadi kwa shangazi wa bibi harusi, shangazi akasema basi atatoka asubuhi, atafika mchana, alasiri tunafunga ndoa. Tiketi ilikuwa haijakatwa, lakini ratiba ya harusi ilikwisha kujengwa juu ya neno letu.

Mzee hakutaka kusafiri Ijumaa. Alikuwa na mzigo wa dukani unaoshushwa siku hiyo na hakumwamini mtu mwingine kuuhesabu. Tulimsihi. Tulipoangalia tukakuta hata ndege ya moja kwa moja ya Ijumaa imejaa, basi mabishano yakaisha yenyewe.

Hesabu ya Kijana

Jumatano walikuja wote wawili ofisini. Kijana ni mhasibu na alikuwa ameshafanya utafiti wake wa intaneti, nao ulimchanganya. Ukurasa mmoja ulimwambia kutoka Entebbe hadi Dar es Salaam ni 1,075, mwingine 668, wa tatu 580. Alidhani mmoja unasema kweli na miwili inadanganya. Yote ilikuwa sahihi. Ya kwanza ilikuwa kilomita, ya pili maili za nchi kavu, ya tatu maili za baharini ambazo marubani huzitumia na ambazo kila moja ina mita 1,852. Kurasa nyingi huandika kipimo kwa herufi ndogo pembeni, na jicho hulenga tarakimu.

Kisha akagawanya. Ndege huenda kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo 1,075 ni saa moja na dakika kumi na mbili. Mbona tiketi inasema saa mbili? Alituuliza kwa adabu, lakini uso ulikuwa wa mtu anayehisi anapunjwa.

Swali lake ni zuri na tunaulizwa kila mara, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu. Umbali unaoandikwa kati ya viwanja viwili ni mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, kama uzi uliovutwa kwenye mpira. Ndege haifuati uzi huo sawasawa. Inaondoka kwa kuelekea uliko upepo. Entebbe njia ya kurukia imelala karibu kaskazini na kusini kando ya ziwa, na Dar iko kusini mashariki, hivyo siku nyingine ndege huanza kwa kuipa Dar mgongo. Halafu inashika njia za anga zilizopangwa, na mwishoni inazungushwa ili ipange foleni ya kutua.

Mwendo nao haufiki 900 papo hapo. Chini ya futi 10,000 kikomo cha kawaida ni noti 250, yaani maili 250 za baharini kwa saa, kama kilomita 463. Ndege ndogo za masafa mafupi za ukanda wetu, mfano CRJ900 ambazo shirika la taifa la Uganda lilianza nazo mwaka 2019, hukata mawingu kwa kilomita 800 na kitu zikishatulia juu. Katika safari ya kilomita elfu moja, zikimaliza kupanda hazikai sana kabla ya kuanza kushuka. Juu ya hayo yote, muda wa kwenye tiketi hauhesabiwi hewani peke yake. Unaanza ndege inapoondoka kwenye maegesho yake na unakwisha inaposimama kwenye maegesho ya kule, pamoja na kujikokota ardhini pande zote mbili.

Ndiyo maana wastani hupanda kadiri safari inavyorefuka. Entebbe hadi Nairobi ni kilomita 520 hivi kwa saa moja na dakika kumi za tiketi, sawa na kilomita 445 kwa saa, mwendo ambao treni ya kasi isingeuonea haya. Entebbe hadi Dar, kilomita 1,075 kwa saa mbili, ni kama 540. Entebbe hadi Dubai, kilomita 3,730 kwa saa tano na robo, inakaribia 710. Anayegawanya kwa 900 hukosea kidogo tu akienda mbali, na hukosea vibaya akienda karibu.

Kijana alielewa upesi. Tatizo ni kwamba sisi nasi tuliridhika na maelezo yetu. Tulitumia nusu saa kutetea saa mbili za hewani, na hakuna aliyeuliza Mzee atatumia saa ngapi ardhini.

Njia tatu mezani

Njia ya kwanza ilikuwa ndege ya moja kwa moja ya Jumamosi, 10:20 hadi 12:20 kwa saa za tiketi, zinazohesabiwa kuanzia saa sita usiku. Ya pili ilikuwa kupitia Nairobi, kuondoka Entebbe 04:50, kufika 06:00, kuunganisha 07:15 na kufika Dar 08:35. Ya tatu ilianza na ndege hiyohiyo ya 04:50, lakini ikingoja ya 09:40 kutoka Nairobi na kufika Dar 11:00.

Kwa kilomita, kupitia Nairobi si mzunguko mkubwa. Entebbe hadi Nairobi 520, Nairobi hadi Dar kama 670, jumla 1,190, yaani nyongeza ya kilomita 115 tu. Nairobi iko karibu njiani. Kwa saa ni habari nyingine.

Tulichagua ya pili, na sababu zetu zilikuwa hizi. Ya moja kwa moja ilikuwa moja tu siku hiyo. Ikifutwa, hakuna nyingine kabla ya nikahi. Kupitia Nairobi, ukikosa ndege moja zipo nyingine. Mpaka hapo hoja ilikuwa nzima, na bado naitetea. Tulipofika kati ya ya pili na ya tatu ndipo tulipotelezea. Ya pili ilitokea juu kabisa kwenye orodha ya mfumo kwa sababu ndiyo fupi, na mwenzetu akasema si vema Mzee wa umri ule akae Nairobi saa tatu na dakika arobaini akipigwa na kiyoyozi. Tukamhurumia. Saa moja na robo ya kuunganisha ilikuwa juu ya kima cha chini ambacho shirika linakubali, mfumo haukutoa onyo, tukakata.

Jambo moja tulilisimamia. Kijana aliona kwamba tiketi mbili tofauti, moja ya kufika Nairobi na nyingine ya kwenda Dar, zingekuwa nafuu. Tulikataa. Zikiwa kwenye tiketi moja, ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, shirika lina wajibu wa kukupakia nyingine. Zikiwa mbili, ukichelewa umepoteza yako.

Ijumaa: saa kumi ipi?

Ujumbe tuliomtumia Mzee ulisema: "Ndege ni saa 04:50 usiku wa Jumamosi. Fika saa tatu kabla."

Sentensi hiyo ina mitego mitatu na tuliitega wenyewe. 04:50 ya tiketi kwetu ni saa kumi na dakika hamsini, lakini ukiandika "saa 04:50" mtu anaweza kusoma saa nne na dakika hamsini. Hata Waganda huhesabu saa kama sisi, ssaawa emu ni saa moja, kwa hiyo dereva aliyetumiwa ujumbe ule aliisoma saa hiyo kama mwenye gari wake. "Fika saa tatu kabla" inaweza kusomwa fika kabla ya saa tatu. Na "usiku wa Jumamosi" ndiyo mbaya kuliko zote. Kwa wazee wanaoanza siku Magharibi, usiku wa Jumamosi ni ule unaoamkia Jumamosi. Kwa vijana ni usiku baada ya Jumamosi kuisha. Mzee aliusoma kizee, sawasawa. Dereva wake, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliusoma kiujana, akaliweka gari gereji Ijumaa jioni akijua ana siku nzima.

Kilichotuokoa ni simu. Ijumaa baada ya swala mwenzetu alimpigia Mzee, na badala ya kumuuliza kama ameelewa, alimuuliza, "Mzee, utatoka nyumbani saa ngapi, na nani anakupeleka?" Mzee akasema saa saba usiku, dereva fulani. Mwenzetu akampigia dereva swali hilohilo. Dereva akasema, "Kesho usiku, mama." Gari lilitolewa gereji saa mbili usiku likiwa halijamaliziwa breki za nyuma, kwa hiyo ikabidi wakodi teksi.

Jumamosi

Mzee alitoka nyumbani saa saba na robo usiku. Kampala hadi Entebbe ni kama kilomita 40, na saa hizo barabara ni nyeupe. Safari ambayo jioni ya Ijumaa tungeihesabia karibu saa mbili, yeye aliitumia dakika arobaini na tano. Alifika mapema, akapimwa mzigo, akapewa pasi zote mbili za kupandia, sanduku likabandikwa kibandiko cha Dar moja kwa moja. Ndani ya sanduku mlikuwa na kanzu, joho, na zawadi za bibi harusi.

Kisha mvua ikashuka ziwani. Wakazi wa Entebbe hawashangai. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji ya Nyanza, yaani Ziwa Victoria, upepo hutoka pande zote kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu hupanda na radi hupiga hadi alfajiri, wakati mchana kweupe ziwa huwa kimya. Ndege za alfajiri za Entebbe ndizo hukutana na hali hiyo mara kwa mara. Wafanyakazi wa uwanjani walisitisha kazi radi ikiwa karibu, kama utaratibu unavyotaka. Ndege iliyopangwa 04:50 iliondoka 05:45.

Nairobi ilisimama saa moja kasoro dakika tano. Ya Dar ilikuwa saa moja na robo na mlango ulikwisha fungwa. Mzee alifika kwenye kaunta ya kuunganisha akaambiwa ya 09:40 imejaa. Siti ambazo Jumatano zilikuwepo, Jumamosi hazikuwepo. Akapewa ya 13:30, bila malipo ya ziada.

Alitupigia saa moja na nusu. Sikusikia hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema, "Mwanangu, nitakuwa njiani wakati sheikh anakunja mkeka." Tulihesabu pamoja. Kufika 14:50, uhamiaji, kadi ya homa ya manjano, sanduku, foleni ya Jumamosi kuingia mjini. Haikuwezekana.

Uamuzi uliofuata haukutoka kwetu. Kijana alimpigia sheikh aliyekuwa afungishe ndoa, na sheikh akasema walii anaweza kumpa mtu mwingine uwakala wa kuozesha. Saa sita mchana, akiwa kwenye kiti cha ukumbi wa kusubiria, Mzee alimtamkia binamu yake wa Dar kwa simu, spika imewashwa, mashahidi wawili wakisikiliza, kwamba amemfanya wakili wake katika kumuozesha binti wa marehemu mdogo wake kwa fulani bin fulani kwa mahari waliyokubaliana. Mhindi mmoja aliyekaa karibu, Mzee anasema, aliitikia amina bila kujua anaitikia nini.

Matokeo

Nikahi ilifungwa saa kumi na robo kama ilivyopangwa. Mzee aliingia saa kumi na moja na dakika kumi, biriani ikipakuliwa, akiwa na shati lake la safari. Sanduku lilikuja na ndege ya usiku. Katika picha za harusi yeye peke yake hana kanzu.

Kutoka mlango wa nyumba yake Kampala hadi mlango wa shughuli Dar zilipita karibu saa kumi na sita. Ndani ya hizo, ndege zote mbili kutoka maegesho hadi maegesho zilichukua saa mbili na nusu. Saa nne na nusu zilikwenda kabla ya kuondoka Entebbe, saa sita na dakika thelathini na tano Nairobi, saa mbili na dakika ishirini Dar.

Uchambuzi

Anayetazama matokeo atasema tungechukua ya moja kwa moja. Siku ile iliondoka na kuchelewa kidogo tu, na kwa zile saa mbili na dakika ishirini za Dar angefika shughulini kama saa tisa alasiri. Mwenzetu mmoja ofisini bado anashikilia hivyo: radi za ziwani hupiga alfajiri, ndege ya saa nne asubuhi inazikwepa, na safari yenye kiungo kimoja ina mahali pachache pa kukatikia. Hoja yake ina uzito kuliko nilivyokiri siku ile. Mimi nasema ndege moja isiyo na ya kufuatia, kwa mtu asiyeweza kuchelewa, ni kamari hata ikishinda. Hatujakubaliana.

Tulipokubaliana ni kwenye njia ya tatu. Ingestahimili ucheleweshaji uleule wa dakika hamsini na tano bila hata Mzee kuharakisha mwendo. Angetua saa tano asubuhi na kufika kwa ndugu saa saba na dakika ishirini mchana, karibu saa tatu kabla ya nikahi, na huenda sanduku lingemfuata. Tuliitupa kwa sababu ilionekana ndefu. Tulimwonea huruma akae saa tatu na kitu Nairobi, akaishia kukaa sita na kitu. Mfumo wa tiketi hupanga kwa ufupi wa safari. Haujui kama abiria anakwenda kutembea ufukweni au anasubiriwa na sheikh. Kujua hilo ilikuwa kazi yetu.

Tiketi moja ilifanya kazi yake. Lau tungemsikiliza Kijana kwenye bei, Mzee angenunua siti mpya Nairobi Jumamosi asubuhi, kwa bei ya Jumamosi asubuhi.

Simu ya Ijumaa ilifanya kazi kuliko ujumbe. "Umeelewa?" hujibiwa ndiyo na kila mtu. "Unatoka saa ngapi?" humlazimisha mtu kutoa hesabu yake, na kosa huonekana. Ila tulipiga simu siku moja kabla, na gari lilikuwa limeshafunguliwa magurudumu. Sasa tunapiga siku ileile tunayokata tiketi.

Kanzu hatukuitaja hata mara moja. Anayeunganisha ndege kwa muda mfupi abebe mkononi nguo ya shughuli, dawa na karatasi zake, kwa sababu sanduku nalo linahitaji muda wa kuunganisha, na lenyewe halikimbii.

Lile jibu la "saa mbili tu" ndilo linalonisumbua zaidi, kwa kuwa halikuwa uongo. Uganda, Kenya na Tanzania hutumia saa zilezile, kwa hiyo angalau tiketi ya Dar husomeka ilivyo. Mteja wa Kigali huona maajabu zaidi: ni kilomita 340 hivi, Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, na safari ya chini ya saa nzima huandikwa kana kwamba ndege imefika kabla ya kuondoka. Huko watu hushtuka na kuuliza. Dar haikumshtua mtu. Ilionekana rahisi, nasi tukaiacha ionekane hivyo.

Siku hizi mtu akituuliza Dar ni mbali kiasi gani, tunamuuliza kwanza anatakiwa mlango gani na saa ngapi, kisha tunahesabu kinyumenyume. Ujumbe tunaandika hivi: "Ndege inaondoka saa 10 na dakika 50 alfajiri ya Jumamosi (tiketi imeandikwa 04:50). Ondoka nyumbani Ijumaa usiku, saa 7." Dereva naye hutumiwa wake.

Mzee alirudi Jumanne kwa ndege ya moja kwa moja, saa mbili kasoro dakika tano angani na ardhini. Alikuja ofisini siku iliyofuata na kipande cha keki ya harusi kwenye karatasi ya jaribosi, akamkabidhi yule aliyepokea simu ya kwanza, akamwambia ale taratibu, ana saa mbili tu.